Mipaka ya Tanzu katika Ufundishaji wa Isimu ya Kiingereza
Kuzitenga fonolojia, mofolojia na sintaksia katika kozi mbalimbali hurahisisha utahini, lakini hupotosha sura ya lugha. Mofimu ya wingi ya Kiingereza hutamkwa [s] katika cats na [z] katika dogs. Mwanafunzi anayezikariri alomofu hizo pasipo kurejelea sauti ghuna na sighuna hajaeleza lolote, ameorodhesha tu. Chomsky na Halle (1968) walikwishaonyesha kuwa hata mkazo hutegemea muundo: nomino ambatani blackbird hukazwa mwanzoni, ilhali katika kirai black bird mkazo mkuu huangukia nomino. Ni ajabu, basi, kumtahini mwanafunzi kwa karatasi tatu ambazo hakuna hata moja inayomdai maelezo ya tofauti hiyo.