Jembe la Siku ya Tatu: Urafiki wa Ukubwani katika Fasihi Yetu

Ushairi wa Kiswahili umeutazama urafiki kwa jicho la hakimu. Fungua diwani nyingi za pwani na visiwa, za kale na za karibuni, utamkuta rafiki akihukumiwa: ama anasifiwa kwa kusimama siku ya dhiki, ama analaumiwa kwa kutoa siri, kula amana na kugeuka. Ni nadra kumkuta akiwasili. Washairi wetu hutuonyesha rafiki akiwa ndani tayari, au akitoka kwa fedheha. Ule wakati anapopiga hodi, naye ni mtu mzima na mwenyeji wake ni mtu mzima, haujatungiwa vya kutosha. Makala haya yanakusudia kuutazama upungufu huo, na kudai kwamba jawabu lake limo katika hazina yetu wenyewe, ila hatujalisoma ipasavyo.

Upungufu huu si wa sanaa peke yake. Rafiki wa utotoni hatumtafuti. Tunamkuta chuoni, mtaani na ufukweni. Mtu akishafika miaka arubaini au hamsini, mwenzake mmoja yuko Maskati, wa pili amehamia Dar es Salaam, wa tatu ameshazikwa, na barza aliyokaa tangu ujana imebaki na wazee wawili na bao lisilochezwa. Akiigeukia fasihi kuuliza aanze vipi upya, hujibiwa kwa maonyo. Huambiwa asiache mbachao kwa msala upitao. Huambiwa mla naye hafi naye ila mzaliwa naye. Hekima hizo hatuzikatai. Zina maana kubwa katika miji ya bandari, ambako kaskazi ilileta nyuso ngeni na kusi ikaziondoa. Lakini anayefundishwa kuulinda mlango tu hajafundishwa namna ya kuufungua.

Hata hivyo, ipo methali nyingine ambayo kila mtu anaijua: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida huelezwa kuwa ni njia ya kumwondoa mlaji asiyejua kuaga. Tunadiriki kuisoma kinyume. Jembe ni adhabu kwa aliyekuja kula. Kwa aliyekuja kukaa, ni kibali. Aliyepewa jembe amepewa nafasi shambani, na pembeni yake yupo mtu mwingine mwenye jembe. Wawili hao hawatazamani usoni wala hawaulizani kama wanapendana. Wanaitazama ardhi, na mazungumzo huja yenyewe, leo neno moja, kesho mawili. Siku mbili za kwanza ni za ukarimu, na ukarimu humweka mgeni mbali kwa heshima zake. Ni siku ya tatu inayompa mwenzi.

Lugha yenyewe inatuunga mkono. Neno rafiki tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako linabeba maana ya mwenzi wa kufuatana naye, hasa safarini. Mwandamani ni yule tunayeandamana naye. Anayefasiri maneno haya kwenda lugha nyingine atagundua kwamba kabla ya kutaja mapenzi ya moyo, yanataja njia na mwendo.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni maisha ya Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, katika ukoo wa wafinyanzi, kwa wazazi waliopitia utumwa. Alihamia mjini karibu na mwaka 1911, yaani akiwa mtu mzima, bila jina wala mali. Wenzake aliowapata huko, akina Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban, hawakukua naye. Aliwapata kwa kazi ya kuimba na kupiga. Jioni walikutana nyumbani kwake Ng'ambo, habari za mji zikaletwa, zikajadiliwa, zikatungiwa nyimbo. Mwaka 1928 walivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri.

Shaaban Robert (1909–1962), katika Wasifu wa Siti Binti Saad, alimchora mwanamke huyu kuwa kielelezo cha tabia njema. Mkazo wake ni subira, bidii, na namna mnyonge alivyoishinda dharau. Somo hilo lina haki yake, na nathari ya kitabu ni miongoni mwa zilizo safi kabisa katika lugha yetu. Ila mkazo huo unamwelekeza msomaji amwone Siti kama mnara uliosimama peke yake. Ukumbi wa Ng'ambo, ambamo watu wazima wenye asili mbalimbali walijifunza kusubiriana, kukosoana na kurudi kesho yake, ungestahili sura nzima. Humo ndimo tungejifunza jinsi mgeni kutoka shamba alivyogeuka kuwa mwenzao.

Siti hakuwa peke yake katika jambo hili. Nadi Ikhwan Safaa, kilichoundwa Unguja mwaka 1905, kilijiita chama cha ndugu wenye nia safi, ingawa wanachama hawakutoka tumbo moja. Udugu ulitangulia katika jina. Mazoezi ndiyo yaliyokuja kuuhakikisha. Malumbano ya ushairi nayo yana kazi hiyo hiyo. Mtu hutunga swali, asiyemjua hujibu kwa bahari na vina vile vile, naye huandikiwa tena. Mwandishi wa makala haya, ambaye hakusoma fasihi katika chuo chochote, aliwapata wengi wa wenzake wa ukubwani kwa njia hiyo.

Yupo atakayesema kwamba huo ni ushirika wa kazi, na kazi ikisha kila mtu hushika njia yake. Hoja ina uzito. Si kila aliyelima nasi ni rafiki, na vikundi vya taarab vimejua utengano na mipasho ya kutosha. Lakini hoja hiyo inathibitisha tu kwamba jembe halitoshi. Haithibitishi kwamba tunaweza kuanza bila ya jembe. Urafiki wa ukubwani unahitaji saa inayojirudia na jambo la kufanya, kisha hiari ya kubaki kidogo baada ya jambo hilo kumalizika.

Kwa hiyo tunawaomba watunzi vijana waiache kwa muda mada ya rafiki msaliti, ambayo imeshiba. Watutungie jioni ya kwanza ya mgeni kwenye barza: nani alimsogezea nafasi, aliulizwa nini, na kwa nini alirudi siku ya pili. Wapo wengi wanaohitaji kuisoma tungo hiyo, na wengine wanapita mbele ya barza zetu kila siku wakitoa salamu bila kukaa.