Ganda la Pipa

Mvinyo ukitulia miezi kadhaa kwenye pipa, huacha ganda gumu kwenye mbao, la zambarau au la kijivu kulingana na rangi ya zabibu. Ganda hilo si uchafu. Ni chumvi ya potasiamu ya asidi ya tartari, iliyokuwamo kwenye zabibu zikiwa bado mtini. Kilevi kinapoongezeka na baridi ikaingia, chumvi hiyo haiwezi tena kubaki majini, hujitenga na kuganda. Hata mvinyo wa Dodoma ukikaa sana kwenye friji waweza kuacha chini ya chupa chembe zinazometa kama vigae vya kioo.

Nawasifu waliolitazama ganda hilo wakaona kazi ndani yake. Katika karne ya 18, karibu na Montpellier kusini mwa Ufaransa, kulikuwa na mafundi waliolichukua ganda lililokwanguliwa mapipani, wakaliponda, wakalichemsha, wakaacha maji yapoe, kisha wakachemsha tena pamoja na udongo mweupe ili ufyonze rangi ya mvinyo. Chembe zilijikusanya juu ya maji kama utando wa maziwa, na utando huo ndio uliouachia unga huu jina la krimu ya tartari. Ufundi wote ulisimama juu ya tabia moja: lita ya maji yanayochemka huyeyusha takribani gramu 60 za chumvi hii, lakini yakishapoa hadi nyuzi 20 hubakiza kama gramu 6 tu. Zilizozidi hutoka zenyewe, safi kuliko zilivyoingia. Mkemia Carl Wilhelm Scheele alipoitenga asidi yenyewe mwaka 1769, mafundi walikuwa wameshaizoea kazi yao.

Jikoni unga huu humpa mpishi muda, na hapo ndipo ninapoupenda zaidi. Ukipiga ute wa yai, protini zake hukunjuka na kushikana kuzunguka hewa. Ukizidisha, hukazana mno, hukamua maji, na povu lote likakatika. Tia kijiko cha chai 1/8 cha krimu ya tartari kwa kila ute mmoja: asidi huchelewesha kule kukazana, na mkono hupata nafasi ya kufika mahali panapofaa bila kupapita. Wamarekani wana keki inayosimama kwa povu hilo peke yake, bila viini wala siagi. Humo asidi hufanya na kazi ya pili, kuuzuia unga wa ngano usiwe na umanjano.

Kwenye sukari ni vivyo hivyo. Shira ikichemka pamoja na asidi, sehemu ya sukari hupasuka ikawa glukosi na fruktosi, na hizo mbili huziingilia chembe za sukari zisijipange na kuganda. Mpishi wa kaimati anayekamulia ndimu kwenye shira yake anaufanya ufundi huohuo, na anaufanya vizuri. Ukwaju nao una asidi ileile ya zabibu, tena kwa wingi. Ila rangi na ladha yake haviwezi kujificha ndani ya pipi nyeupe.

Unga huu una kazi hata nje ya chakula. Sufuria ya alumini iliyoingia weusi hung'aa ukichemsha ndani yake maji yenye vijiko viwili vya unga huu. Wapaka rangi wa sufi huuchanganya na shabu ili rangi ishike vizuri.

Mahali pamoja unga huu hauna subira. Mwaka 1843 Alfred Bird wa Birmingham, ambaye mkewe hakuweza kula hamira, alitengeneza bekingi pauda kwa kuchanganya bekingi soda na asidi kavu. Kwa njia ya krimu ya tartari, vipimo ni viwili vya krimu kwa kimoja cha soda. Mchanganyiko huo ukilowa tu, gesi huanza kutoka, kwa hiyo tanuri lazima liwe limeshapata moto kabla maziwa hayajagusa unga. Bekingi pauda nyingi za madukani huwekewa asidi ya pili inayosubiri joto, na kwa mwenye haraka hiyo ni nafuu ya kweli. Hata hivyo napendelea kuviweka viwili hivi mbalimbali, kila kimoja na kopo lake kavu, na kuvichanganya siku ya kuoka. Krimu ya tartari isiyoingiwa na unyevu hudumu miaka, na keki yake haina ule uchungu wa madini unaobaki ulimini.