Boma: Neno la Kinga, Jengo la Amri

Wazee wa Kisanga, na wa vijiji vingine vingi vya Wilaya ya Kilosa, walipoitwa na Serikali walisema, "Tumeitwa bomani." Neno hilo ni letu. Boma ni ua wa miti na miiba uliozungushiwa nyumba au zizi ili kumzuia adui na mnyama mkali. Mkoloni alilitwaa neno hilo akalivika ngome yake, na neno la kinga likageuka kuwa neno la amri, kodi na kifungo. Anayetaka kuzihukumu ngome hizo na matumizi yake ya leo, na aanze hapo.

Katika miaka ya 1890 Kilosa ilikuwa mpakani. Upande wa pwani ulikuwa umekwisha kuingia mikononi mwa Wajerumani. Upande wa kusini-magharibi ulikuwa chini ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilishinda jeshi la Zelewski huko Lugalo. Mwaka 1892 waliiangusha ngome ya Wajerumani ya Kondoa, karibu na Kilosa. Wajerumani nao waliiteka ngome ya mawe ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, na mwaka 1896 wakaanzisha kituo chao cha kijeshi mahali palipo mji wa Iringa leo.

Jina Iringa latokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Basi mshindi hakuteka ukuta tu, aliteka na jina la ukuta akaliweka kwenye kambi yake. Hapo mwaka 1900 lilijengwa jengo linaloitwa Boma la Iringa, nalo lilikuwa hospitali ya jeshi. Waingereza walilifanya ofisi za utawala, na baada ya Uhuru Serikali yetu iliendelea kulitumia hivyo. Mwaka 2016 lilifunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa na nyumba ya utamaduni.

Nalisifu badiliko hili kuliko mengine, na sababu yangu si uzuri wa matao wala unene wa kuta. Jengo lililowauguza askari wa mshindi sasa linasimulia habari za walioshindwa, na mjukuu wa mtu aliyeogopa kuitwa bomani huingia kwa hiari yake. Hivyo ndivyo ngome inavyotekwa upya bila risasi.

Si kila badiliko lina maana hiyo. Boma la Arusha, lililokuwa kambi ya askari wa Kijerumani tangu mwaka 1900, lilifanywa makumbusho ya elimu ya viumbe mwaka 1987. Kazi hiyo ni njema, lakini haikuzaliwa na historia ya jengo lenyewe. Boma la Mikindani, lililojengwa mwaka 1895, lilikarabatiwa likawa hoteli. Hoteli imeziokoa kuta zisianguke, na hilo tulishukuru. Hata hivyo, ukuta uliookolewa haujasema lolote. Mgeni aweza kulala humo usiku mzima, akaamka asubuhi akalisifu jengo, asijiulize ni mikono ya nani iliyobeba mawe yake.

Wako watakaosema kwamba majengo ya mtawala yaachwe yaanguke. Siafikiani nao. Tukilibomoa boma tutakuwa tumemfutia mkoloni ushahidi wake. Lakini kulihifadhi bila kulisimulia ni kumjengea mnara. Wajibu wetu ni kulihifadhi na kulisimulia pamoja.

Wajibu huo una haraka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyotangulia mwaka 1863. Maboma yote ya Wajerumani yalijengwa baada ya mwaka huo, hivyo kila moja hungojea tangazo la Waziri ndipo lipate kinga. Boma la mji mkubwa huenda likakumbukwa. La mji mdogo huezuliwa bati, hupasuka ukuta, kisha mawe yake yakajengea vyoo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa historia ukishaanguka, hakuna fundi wa kuujenga tena.

Kwa hiyo, ndugu walimu, wapelekeni vijana bomani. Wapimeni ukuta, wachore ramani yake, kisha waende kwa wazee wakaulize: Nani alijenga? Nani alifungwa humu? Nani alitoa amri, na kwa lugha gani? Majibu yaandikwe na kuwekwa shuleni. Siku mwanafunzi wa Kisanga atakapolieleza boma la wilaya yake kwa maneno yake mwenyewe, neno hilo litakuwa limerudi nyumbani, nalo litakuwa tena neno la kinga.