Nani Aliwashushia Do?

Kwaya iliyoshika nafasi ya pili katika shindano la Jumamosi ndiyo iliyokuwa bora ukumbini, na ilishindwa kabla mtoto hata mmoja hajafungua mdomo. Ilishindwa pale mpiga kinanda alipobonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo, akashusha nusu toni 3, kisha akapiga C kama kawaida. Vidole vilikuwa kwenye C, masikio yetu yakapata A. Watoto wa miaka 5 hadi 7 wakapelekwa kuimba chini ya C ya kati, eneo ambalo mama mwenye alto nzito hulifurahia. Na mwalimu wao, mliokuwapo mlimsikia, ana alto nzito.

Wimbo wenyewe, ule wa watoto kuhusu upendo wa Yesu, hausamehe kosa la namna hii. Maneno ni ya Anna Bartlett Warner, ya mwaka 1860. Tuni ni ya William Bradbury, aliyeichapisha mwaka 1862 na kuongeza kiitikio. Hauna fa wala ti. Noti zake ni tano tu, ndiyo maana mtoto anaushika haraka, lakini noti hizo zinajaza oktava nzima, kutoka do ya chini hadi do ya juu. Vitabu vingi vya nyimbo huuweka do kwenye C au D. Hapo do ya chini inasikika bila kusukumwa, na do ya juu inamlazimu mtoto aache sauti ya kifua na kuingia sauti ya kichwa, ile nyepesi na safi ambayo ndiyo sababu ya kwenda kusikiliza kwaya ya watoto. Bradbury alijua alichokuwa anafanya: alikuwa amefundisha madarasa ya uimbaji ya watoto New York miaka mingi.

Sasa fuateni kilichotokea. Mistari mitatu ya kwanza ya kila ubeti haigusi do ya chini hata mara moja. Inazunguka re, mi, sol, la, na kupanda kidogo hadi do ya juu. Kwa hiyo katika A mambo yalionekana shwari, na niliwaona majaji wawili wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Ukaja mstari wa nne: la, la, sol, halafu ule mruko wa kushuka moja kwa moja hadi do, mi, re, na do tena. Hapo wimbo ukakatika. Safu ya mbele waliinamisha videvu hadi kifuani wakiitafuta noti. Safu ya nyuma waliyasema tu maneno, bila tuni. Wachache walinyamaza. Kilichobaki hewani ni mwalimu na maikrofoni yake, na mwangwi uliotiwa na fundi mitambo ili kufunika pengo.

Do hiyo ya chini inarudi mara 5 katika kila ubeti na kiitikio chake. Waliimba beti 3. Mara 15 kwaya ya watoto ilitoweka kwenye jukwaa lake yenyewe, na mara kadhaa ilikuwa mwisho wa sentensi, pale pale ambapo maana ya wimbo inatua.

Upande wa juu haukuwa na nafuu. Do ya juu ilishuka ikawa A, noti ambayo mtoto anaweza kuifikia kwa kifua akikaza shingo, na wakaikazia. Mara zote zile hawakuingia sauti ya kichwa kwa sababu hakuna aliyewapa haja ya kuingia. Ndiyo maana ubeti wa tatu ulikuwa kelele, tena za sauti zilizoanza kukwaruza. Nyuzi za sauti za mtoto ni fupi na nyembamba. Kumpa ufunguo wa mtu mzima ni kumvika viatu vya baba yake halafu kumlaumu kwamba hakimbii.

Nimeshaambiwa kwamba hivyo ndivyo walivyozoea mazoezini. Naam, na ugonjwa ulianzia huko. Mazoezini hakuna kinanda. Mwalimu anaanzisha kwa sauti yake, palipo pepesi kwake, watoto wanamfuata. Siku ya shindano kinanda nacho kinaambiwa kimfuate mwalimu. Solfa, mfumo huu wa do, re, mi, haikubuniwa ili kumfuata mwalimu. Mwaka 1841, huko Hull, walimu wa Shule ya Jumapili walimtwika John Curwen jukumu la kutafuta njia rahisi ya kufundisha watoto kuimba, naye akaijenga juu ya kazi ya Sarah Glover wa Norwich. Do inahama ili imfae mwimbaji. Kwaya zetu zimeandika nyimbo zao kwa solfa vizazi kadhaa, na juu ya ukurasa, kabla ya noti yoyote, huandikwa do ni nini. Walimu wa zamani waliisoma alama hiyo, wakapiga chuma cha sauti, wakaanzisha. Leo kuna kitufe, na kitufe hakisomi.

 

Wanaotaka mfano waisikilize misa iitwayo Missa Luba, iliyorekodiwa mwaka 1958 na kwaya ya Padre Guido Haazen ya Kamina, kule Katanga. Wavulana wako juu, walimu wao wako chini yao, na hakuna anayemvuta mwenzake. Haazen hakuwaomba wavulana washuke ghorofa ya walimu. Sijasikia kwaya ya watoto ya miaka hii ikiachiwa nafasi namna ile.

Turudi kwa kwaya yetu ya nafasi ya pili: matamshi yalikuwa safi, kayamba haikukosa pigo, na walivyoingia ubeti wa pili kwa pamoja sijaona mwaka huu. Washindi walipiga makofi ovyo, lakini do yao ilikuwa D na noti ya mwisho ilisikika.

Raundi ijayo kwaya hiyo ya nafasi ya pili imepangiwa wimbo wa Krismasi wa Cecil Frances Alexander, kwa tuni ya Gauntlett ya mwaka 1849, ule unaofungua ibada ya King's College, Cambridge, tangu 1919. Pale mvulana mmoja huanza peke yake, bila kinanda, do ikiwa G. Noti yake ya kwanza ni sol ya chini, yaani D, na tuni inapanda hadi E ya juu. Kitufe kikibaki kilipo, mtoto atakayesimama peke yake ataanzia B, chini ya C ya kati, na safari hii mwalimu hatakuwa na ruhusa ya kuimba naye.