Mkono Unaopima

Kuku wa Singida ana jina nchini. Mchuuzi wa Dar es Salaam akitaka kutetea bei yake humwambia mteja kuwa huyu katoka Singida, na maneno huishia hapo. Sifa humwendea kuku mwenyewe, humwendea mkoa, humwendea hata mfanyabiashara aliyempakia kwenye tenga. Aliyemlisha hatajwi. Nami naamini kulisha kuku ni fani kamili, yenye hesabu, jicho na subira, na anayeijua anastahili heshima ile ile tunayompa mfinyanzi au seremala.

Fani hiyo huanza na mahindi. Mama wa Iramba au Ikungi akitoka asubuhi na konzi ya mahindi yaliyoparazwa, kuku humjia mbio kabla hajaita. Wana haki. Kilo moja ya mahindi makavu hubeba nguvu ya kilokalori 3,300 hivi, na nyuzi zake ni chache, hivyo kuku huimeng'enya karibu yote. Hata punje nzima haimsumbui kuku mkubwa, maana firigisi yake ina changarawe za kusagia. Singida ni nchi ya mwinuko na upepo; usiku wa Juni baridi yake huuma. Kuku aliyekula mahindi jioni hulala na joto lake.

Lakini shibe si lishe. Mahindi yana protini asilimia 9 tu au pungufu, ilhali tetea anayetaga huhitaji kama asilimia 16, na kifaranga huhitaji 18 hadi 20. Madini ya kalsiamu yanayojenga ganda la yai karibu hayamo kabisa. Kuku wa mahindi matupu hunona mafuta huku mayai yakipungua na maganda yakilainika. Vifaranga hudumaa, na manyoya yao huota kwa shida. Wakati wa mvua kuku anayezurura hujitafutia pengo hilo mwenyewe kwa panzi, mchwa na majani mabichi. Mvua ikikatika, na Singida hupata msimu mmoja tu kwa mwaka, ardhi hukauka kwa miezi na mdomo wa kuku haupati kitu. Hapo ndipo mlishaji hodari hujulikana.

Bahati ya mkoa huu ni alizeti. Mafuta yakishakamuliwa, yanabaki mashudu, na kuku wa Singida anaishi jirani na mashine zinazoyatoa. Mlishaji anayejua kazi hayamimini ovyo. Mashudu yaliyokamuliwa pamoja na maganda yana nyuzi nyingi, yakizidi kuku hushiba kabla hajapata anachohitaji. Tena kuna jambo lililojificha: mahindi na alizeti vyote vina upungufu wa laisini, mojawapo ya viungo vinavyojenga protini ya mwili. Ukichanganya hivyo viwili peke yake, pengo hilo linabaki. Anayeliziba ni dagaa, wale wa Ziwa Victoria wanaoshuka kwa barabara ya Mwanza na kupanda mlima Sekenke.

Hebu tupige hesabu ya kilo 100 za chakula cha matetea. Mahindi ya kuparaza kilo 45 yanaleta protini kilo 4. Pumba za mahindi kilo 18 zinaleta karibu kilo 2. Mashudu kilo 22, yakiwa ya asilimia 28, yanaleta kilo 6. Dagaa kilo 8 wanaleta kilo 4 na zaidi kidogo. Jumla ni 16, kiasi kile kile tetea anachodai. Zinazobaki ni chokaa ya mifugo kilo 6 kwa ajili ya maganda, chumvi nusu kilo, na nusu kilo ya vitamini na madini ya dukani. Mahindi bado ndiyo mengi kuliko vyote, lakini hayako peke yake. Mwaka ambao mahindi yamekauka shambani, mtama au uwele hushika nafasi yake bila aibu. Vyote viwili huvumilia ukame kuliko mahindi, na punje ndogo ya uwele humfaa kifaranga.

Hesabu hiyo hukamilishwa na mkono. Jioni kuku wakiingia bandani, mlishaji mzuri huwashika mmoja mmoja. Hupapasa mfuko wa chakula chini ya shingo ajue kama ameshiba, kisha hupitisha kidole kwenye mfupa wa kidari: ukichoma kama ncha ya kisu, kuku amekonda; ukipotea ndani ya nyama na mafuta, mahindi yamezidi. Huangalia upanga kama ni mwekundu, na kinyesi kama kimeshikana. Kesho yake hubadilisha kipimo.

Mlishaji wa kweli pia hujua kunyima. Wapo wanaosema mahindi yaliyoota ukungu si ya binadamu, basi wapewe kuku. Hilo si sahihi. Ukungu huo unaweza kuzaa sumukuvu, sumu inayoharibu ini la kuku, na mabaki yake yanaweza kumrudia mlaji kwenye yai na maini. Majirani zetu wa Dodoma na Manyara walizika watu mwaka 2016 kwa ajili ya sumu hiyo hiyo. Mahindi ya kuku yakaushwe na kuhifadhiwa kama ya ugali.

Basi wewe unayefuga, tafuta mizani, hata ya kuazima, na upime kabla ya kumwaga. Chanja dhidi ya ugonjwa wa mdondo kila baada ya miezi mitatu, maana lishe pekee haiuzuii. Nawe unayenunua, usibane bei ya kuku wa Singida kana kwamba amejilea mwenyewe. Kuna mtu amepima, amechanganya na amepapasa kwa miezi mingi, na sehemu ya hiyo fedha ni ujira wake wa halali.