Umeme si Maji

Wako wanaolicheka neno umeme, wakidai ni la washamba; wao husema elektrisite au courant. Sisi tumeyapima maneno hayo. Elektrisite latoka katika Kigiriki, elektron, yaani kaharabu: utomvu wa miti uliogeuka jiwe, ambao ukisuguliwa huvuta majani makavu. Courant maana yake mkondo, kama wa mto. Neno zuri, lakini laficha hatari: maji twayaona yakipita, waya hauonyeshi kitu. Umeme ni ule wa mvua; na mwaka 1752, huko Marly, Wafaransa walihakikisha ya kuwa ndio elektrisite yenyewe. Basi waya ukianguka njiani, tumwambie mtoto: Usiguse, ni umeme! Ataelewa mara moja.