Matone ya Damu kutoka Pwani hadi Ziwa: Jinsi Kinga ya Selimundu Dhidi ya Malaria Ilivyothibitishwa

Vitabu vingi vya biolojia vya sekondari humaliza jambo hili kwa sentensi moja: mtu aliyerithi jeni moja ya selimundu hapati malaria kali kirahisi. Ni kweli. Lakini sentensi hiyo imefunika kazi kubwa, na kazi yenyewe ilifanyika hapa kwetu, kwa damu ya watu wa Pwani ya Kenya, wa Nyanza na wa Buganda. Inafaa tuifunue hatua kwa hatua, maana hatua zake hazikuwa na nguvu sawa, na ile inayosimuliwa zaidi ndiyo ninayoiona dhaifu kuliko zote.

Kwanza damu yenyewe. Seli nyekundu ya binadamu haina kiini. Karibu yote iliyomo ndani yake ni himoglobini, protini inayobeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwilini kote. Seli hiyo huishi siku 120 hivi, ikipita kwenye vishipa vyembamba kuliko yenyewe, kwa hiyo ni lazima iwe laini na iweze kujikunja. Himoglobini moja ina minyororo minne: miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146. Kwa mwenye selimundu ni moja tu iliyobadilika, ya sita: mahali pa asidi glutamiki pamekaa valini. Mabadiliko hayo yalitambuliwa na Vernon Ingram kule Cambridge miaka ya 1956 na 1957, baada ya Linus Pauling na wenzake kuonyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa husafiri tofauti na ya kawaida ikiwekwa kwenye umeme.

Kosa hilo dogo halionekani himoglobini ikiwa imebeba oksijeni. Ikishaiachia, molekuli huanza kunatana na kujipanga kuwa nyuzi ndefu ngumu, na nyuzi hizo huisukuma seli kutoka ndani mpaka ipinde. Kwa aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, yaani SS, seli huziba vishipa, huleta maumivu makali ya mifupa na kifua, na huvunjika baada ya wiki mbili au tatu badala ya miezi minne. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, yaani AS, himoglobini yake ya S haifiki nusu. Huyu huishi maisha ya kawaida, na mara nyingi hajui kwamba anayo.

Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari wa Oxford aliyekulia Gilgil katika Bonde la Ufa, alirudi Kenya na msafara wa chuo chake uliokuwa ukienda Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu, yeye akakusanya damu. Alichokikuta kilimshangaza: karibu na Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 kati ya 100 walikuwa na jeni ya selimundu, ilhali katika nyanda za juu hawakufika hata 1 kati ya 100. Mwaka huohuo Hermann Lehmann na A. B. Raper walichapisha takwimu zao za Uganda. Kwa Wabamba wa magharibi mwa nchi hiyo, wenye jeni hiyo walikaribia 45 kati ya 100.

Kwa nini hili lilikuwa fumbo? Tupige hesabu. Chukua mahali ambapo mtu mzima 1 kati ya 5 ni AS. Kanuni za urithi zinasema kwamba kati ya watoto 100 watakaozaliwa hapo, 81 hivi watakuwa AA, yaani waliorithi jeni ya kawaida, A, kwa wazazi wote wawili, 18 watakuwa AS na 1 atakuwa SS. Nyakati zile mtoto wa SS alifika utu uzima kwa nadra sana. Watoto hao 100 wana nakala 20 za jeni S: 18 kwa wale wa AS, na 2 kwa yule mmoja wa SS. Akifa huyo mmoja, moja ya kumi ya jeni S imetoweka katika kizazi kimoja. Kwa mwendo huo jeni ingepungua kizazi baada ya kizazi, isingebaki kwa mtu 1 kati ya 5, sembuse karibu nusu ya watu kama kwa Wabamba.

Majibu yaliwezekana mawili. La kwanza ni kwamba jeni mpya za S huzaliwa kila mara kwa mabadiliko ya ghafla ya jeni A. Lakini ili kufidia nakala 2 zilizopotea, ingebidi jeni 1 kati ya kila 90 za A ibadilike kuwa S katika kila kizazi, wakati mabadiliko ya aina hiyo katika jeni moja hukadiriwa kuwa 1 kati ya laki moja, au pungufu ya hapo. Jibu hilo halisimami. La pili ni kwamba kuna kitu kinachowaua watoto wa AA na kuwapita wa AS. Na hesabu inatuambia kitu hicho kina uzito gani: ili watu wazima wa AS warudi kuwa 1 kati ya 5, yaani 18 kati ya 90, lazima watoto 9 kati ya wale 81 wa AA wafe. Muuaji wa kiwango hicho utotoni, anayekaa Pwani na kandokando ya Ziwa lakini hapandi nyanda za juu, Afrika Mashariki ilikuwa inamjua vizuri.

Allison aliwaza malaria mapema, ila hakuchapisha wazo peke yake. Alimaliza kwanza masomo ya udaktari, akarudi mwaka 1953 kulipima. Hapo ndipo penye fundisho la ufundi wa utafiti.

Kifaa chake kikuu kilikuwa rahisi. Unamchoma mtu kidole, unachukua tone dogo la damu, unalichanganya kwenye kioo na tone la sodiamu metabaisalfiti, dawa inayonyonya oksijeni, kisha unafunika kwa kioo chembamba na kusubiri. Chini ya darubini seli za AA hubaki duara. Za mwenye S huanza kunyooka pembeni, zikatoa ncha mbili, zikapinda. Kipimo hicho kinafanyika popote penye meza na mwanga, na ndiyo sababu Allison aliweza kupima watu karibu 5,000 wa makabila mbalimbali ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Kina udhaifu mmoja ambao mwanafunzi yeyote wa maabara anapaswa kuukumbuka: seli za AS na za SS zote hupinda, kwa hiyo peke yake hakitenganishi mbebaji na mgonjwa.

Ramani iliyotokana na matone hayo ilikuwa ushahidi wa kwanza, na nguvu yake imo katika jinsi makabila yalivyojipanga. Ingekuwa jeni imesambaa kwa undugu wa watu peke yake, tungetarajia Wabantu wafanane na Wabantu wenzao. Hawakufanana. Wakikuyu wa nyanda za juu karibu hawakuwa nayo, ilhali Wabantu wenzao wa Pwani walikuwa nayo kwa wingi. Waluo, ambao lugha yao ni ya ukoo mwingine kabisa, walikuwa nayo kwa wingi kama watu wa Pwani. Kilichowaunganisha Waluo na watu wa Pwani ni mbu. Hata hivyo ramani peke yake haitoshi, kwa sababu nyanda za juu na pwani hutofautiana pia kwa chakula, joto na maradhi mengine.

Kwa hiyo Allison akashuka kwa watoto, na hapa ndipo ninapouona uti wa mgongo wa kazi yake. Alichagua watoto 290 wa Kiganda karibu na Kampala, wenye umri kati ya miezi 5 na miaka 5. Umri huo haukuchaguliwa ovyo. Mtoto mchanga bado ana kinga aliyopewa na mama yake tumboni, na mtoto mkubwa anayekaa penye malaria ameshajijengea yake kwa kuugua mara kwa mara. Kati ya nyakati hizo mbili mtoto yuko wazi mbele ya kimelea, na tofauti ya kurithi, kama ipo, ndipo itakapoonekana. Wote walikuwa wa kabila moja na eneo moja, wakiumwa na mbu walewale. Mambo yaliyoichafua ramani yakawa yamepungua sana.

Matokeo: kati ya watoto 43 waliokuwa na S, 12 walikutwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia 27.9. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, walikutwa 113, asilimia 45.7. Isitoshe, wale wachache wa kundi la kwanza waliokutwa na vimelea walikuwa na vimelea vichache zaidi katika damu. Kama kusingekuwa na tofauti yoyote, tungetarajia watoto 19 au 20 kati ya wale 43 wawe na vimelea. Kwa hesabu yangu, tofauti kubwa namna hii ingeweza kuletwa na bahati tu kama mara 3 kati ya 100. Hiyo inatosha kumfanya msomaji makini aamini, lakini haitoshi kumaliza ubishi. Tena kuwa na vimelea siku ya kupimwa si sawa na kufa kwa malaria, na kile kinachohifadhi jeni kizazi hadi kizazi ni vifo.

Hatua ya tatu ndiyo inayosimuliwa sana. Allison aliwachukua wanaume 30 wa Kiluo waliojitolea, 15 wenye S na 15 wasio nayo, ambao walikuwa wamekaa mbali na malaria kwa muda mrefu, akawaambukiza kwa makusudi vimelea vya malaria vya aina iitwayo falsiparamu. Kati ya wasio na S, 14 waliugua. Kati ya wenye S, 2 tu. Tofauti hiyo inapendeza machoni, na kwa sababu hiyo inanitia wasiwasi. Wanaume hawa walikulia penye malaria, kila mmoja alikuja na kinga yake ya zamani isiyopimika, na walikuwa 30 tu. Watafiti wengine waliojaribu kuambukiza watu wazima miaka iliyofuata hawakupata tofauti kubwa kiasi hicho. Kuna pia suala la haki: kumwambukiza mtu malaria ya falsiparamu, hata kama dawa ipo mezani, leo kunahitaji kibali cha kamati ya maadili, maelezo kamili kwa lugha anayoielewa, na uhuru wa kujitoa wakati wowote. Majina ya wanaume wale hayatajwi popote tunaposimuliwa habari hii. Deni letu kwao ni kubwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, yakapingwa, na kupingwa huko kulisaidia. Hapo Kampala, Raper aliwaangalia watoto waliougua malaria ya ubongo, akaona wenye S miongoni mwao walikuwa wachache mno kuliko idadi yao katika jamii. Hicho ndicho kilichokuwa kimekosekana: ushahidi uliofungwa na ugonjwa unaoua. Miaka mingi baadaye utafiti wa Asembo, Nyanza, uliotolewa mwaka 2002, ulifuata watoto tangu kuzaliwa, ukaonyesha kwamba kinga ya AS dhidi ya kifo ina nguvu zaidi kati ya miezi 2 na 16. Kilifi, mwaka 2005, watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na shirika la Wellcome walipata kinga ya asilimia 50 hivi dhidi ya malaria ya kawaida na karibu 90 dhidi ya malaria kali. Tazama ngazi hiyo. AS humpunguzia mtoto homa kiasi, lakini humwepusha sana na hatari ya kufa. Ndiyo maana kuhesabu vimelea siku moja, kama alivyofanya Allison, kulionyesha tofauti ya wastani tu.

Mwilini kinga hiyo inafanyaje kazi? Njia ni zaidi ya moja. Kimelea kikiwa ndani ya seli ya AS hutumia oksijeni na kuongeza asidi, na hali hiyo huifanya seli ipinde mapema. Bandama huitambua na kuiondoa pamoja na kimelea chake. Falsiparamu ina tabia ya kunata kwenye kuta za vishipa vya ndani ili ikwepe bandama. Huko oksijeni ni kidogo, na katika seli ya AS kimelea kinachokosa oksijeni hudumaa. Tena seli hizo huonyesha kwa uchache ile protini ambayo kimelea hutumia kunatia.

Kinga hii ni ya AS peke yake, na hata yeye anaweza kuugua malaria. Chandarua kinamhusu kama kinavyomhusu jirani yake. Mtoto wa SS hana kinga ya kuitegemea. Bandama yake huharibika mapema, damu yake tayari ni pungufu, na malaria ikimpata inaweza kumuua haraka kuliko mtoto mwingine yeyote nyumbani. Kama una mtoto wa SS, alale ndani ya chandarua kila usiku, apewe dawa ya kuzuia malaria kama kliniki ilivyoelekeza, na akipata homa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na ninyi mnaotaka kuoana, pimeni damu mapema: wazazi wote wawili wakiwa AS, kila ujauzito una uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto wa SS.